Hasi Kumi na Tatu

Hesabu ninaijua. Kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi nilikuwa wa nne darasa zima, na baba alipita nyumba hadi nyumba akiwatangazia majirani kwamba amezaa kichwa. Tuliofanya mtihani siku hiyo tulikuwa wanne. Wengine walikuwa wagonjwa wa surua.

Nasema mapema ili mtu asije akadhani haya nitakayoyasimulia yametoka chuoni. Yametoka jikoni, penye sinki.

Jambo lenyewe lilikuwa jicho. La kushoto lilishakwenda zake miaka mitatu nyuma, tukaagana bila ugomvi. La kulia likabaki na kazi yote, nalo likaota mtoto wa jicho. Nimezaa watano kwa uchungu. Huyu wa sita alijizaa mwenyewe, hana baba, na ndiye pekee aliyekataa kuhama nyumbani. Nikawa naona dunia kama mtu anayechungulia kwenye kioo cha bafu baada ya wengine kuoga maji ya moto. Chai nilikuwa naimimina kwa kuisikiliza. Wajukuu niliwatambua kwa vikohozi.

Daktari wa kupasua macho huja kwenye kituo chetu cha afya mara moja kwa mwaka. Hukaa siku tano, hupasua watu sitini, hufunga sanduku lake. Muuguzi mkuu wa kituo, mama mmoja mpana asiyejua kubembeleza, alinimulika tochi, akaizima, akasema: "Bibi, hili likingoja mwaka mwingine utakuwa mtu wa kushikwa mkono."

Nilimwelewa. Nimewashika wengi mkono, na najua tunavyowasema wakishaketi.

Siku ya kujiandikisha nilifika mapema nikakuta wenzangu wamefika mapema zaidi. Foleni ilianza kwenye benchi la ukumbini, ikapinda mlangoni kwa maabara, ikaishia nje kwenye bomba. Karani alikaa nyuma ya meza yenye kioo juu, kijana msafi, kalamu mbili mfukoni, kikokotoo kikubwa mbele yake kama sahani ya mtu mwenye njaa. Kwa jicho langu lile bovu niliona kitu kimoja vizuri kabisa. Wenye nywele nyeusi walipewa kadi ya njano na kuelekezwa mlango wa ndani. Wenye mvi walipewa pole na kuelekezwa getini.

Mbele yangu alikuwepo mke wa mwuza nyama, miaka sitini na mmoja. Akapewa kadi. Akafuata fundi saa, sitini na miwili. Akapewa pole. Nikabaki najiuliza ni dhambi gani fundi saa aliifanya katika ule mwaka mmoja.

"Umri, Bibi?"

"Sabini na tisa," nikasema.

Akanitazama uso, akatazama mikono, akaandika. Rika letu hatuna vyeti vya kuzaliwa, tunaandikwa tunavyojitaja. Kisha akabonyeza kikokotoo, akakitikisa, akabonyeza tena.

"Hasi kumi na tatu."

"Hasi ndiyo nini, mwanangu?"

"Ni chini ya sifuri, Bibi."

"Chini ya sifuri ya nini?"

Akanionyesha tangazo ukutani, kana kwamba ningeliona. Akanisomea. Nafasi ni chache, kwa hiyo watakaopasuliwa ni wale wanaotarajiwa kuishi miaka mitano au zaidi. "Sasa wastani wa kuishi ni miaka sitini na sita," akasema, taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Natoa umri wako. Sitini na sita ukitoa sabini na tisa, inabaki hasi kumi na tatu."

"Kwa hiyo nilikufa miaka kumi na mitatu iliyopita."

"Sijasema hivyo, Bibi."

"Hujasema, umeandika. Na rambirambi zangu alizila nani?"

Foleni nyuma yangu ikacheka, halafu ikanyamaza, maana wengi wao walikuwa marehemu pia. Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa wazee. Kwa hesabu ya yule kijana, daktari angesafiri kutoka huko aliko aje kuwapasua watu wenye macho ya paka, sisi tukiwa getini tunapapasa ukuta.

Nilimpa jina palepale, Bwana Toa. Akanipa pole yangu, nikaenda nayo nyumbani.

Nyumbani nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikaanza kumtafutia kosa. Nilijua lipo. Mtu ambaye yuko hai hawezi kubakiwa na miaka hasi, hata mjinga anajua hilo. Lakini mjinga hawezi kumwambia karani ni wapi alipoteleza, na karani haondoki kwenye kosa lake mpaka aonyeshwe tope. Hiyo sitini na sita haikuwa ya uongo. Kutoa kwake pia hakukuwa na uongo, kikokotoo hakina chuki na mtu. Kosa lilikuwa katikati, mahali ambapo namba moja ilikabidhiwa kwa nyingine.

Niliosha vikombe nikiwaza. Ndipo nikakumbuka mfuko wangu.

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mpika chai katika ofisi ya wachora ramani. Mtunza stoo wa pale alikuwa mtu wa kumshuku kila mwenye mikono. Hakutoa kikombe kipya mpaka umpelekee mkono wa kile kilichovunjika. Vipande vingine havikumhusu, alitaka ule mkono wa kushikia, auone, aushike, ndipo afungue kabati. Kikombe kilichovunjika mwili mkono ukabaki mzima, sawa. Kilichosagika chote, ulikuwa msiba wako. Akishaukagua anakurudishia. Wapika chai wengine waliitupa. Mimi, mwaka niliopandishwa cheo kutoka kupiga deki hadi kupika chai, nilipokea katoni ya vikombe kumi, vyangu vya kwanza, nikavipenda kama mjinga. Kila kilipovunjika niliuandika mkono wake kwa rangi nyekundu ya kucha: kimeishi miaka mingapi. Ile mikono kumi ninayo hadi leo. Mwanangu wa tatu aliwahi kuikuta akaniuliza kama nimeanza uganga.

Asubuhi iliyofuata nikamkuta Bwana Toa anafungua dirisha.

"Bibi, umerudi."

"Marehemu hurudi, mwanangu. Usiogope, nimekuja na mikono yangu."

Nikaimwaga juu ya kioo cha meza yake. Alirudi nyuma kidogo. Mikono kumi ya vikombe ikiwa imelala chali si kitu cha kupendeza saa mbili asubuhi.

"Chukua hicho kikokotoo," nikamwambia. "Hivi ni vikombe kumi vya katoni moja, vilianza kazi siku moja. Kila mkono umeandikwa kikombe chake kilikufa kikiwa na miaka mingapi. Nitafutie wastani."

Alikuwa kijana mwenye adabu, na foleni ilikuwa bado fupi. Akaipanga. Mitano ilikuwa na sifuri. "Mbona hii haina kitu?"

"Haikumaliza mwaka. Kikombe kipya kinateleza, na anayekibeba hajakizoea. Mmoja aliuangusha mkurugenzi mwenyewe, siku ya kwanza, akaniangalia mimi."

Akaendelea. Mmoja mwaka mmoja. Mmoja miwili. Mmoja sita, mmoja tisa, mmoja kumi na miwili. Akajumlisha akapata thelathini, akagawa kwa kumi.

"Wastani miaka mitatu."

"Vizuri. Sasa kabatini kwangu pana kikombe chenye miaka mitano, kizima, kinang'aa. Kimebakiza miaka mingapi?"

Kidole chenyewe kilikwenda kwenye kikokotoo, kama kuku kwenye punje. "Hasi miwili," akasema, halafu akajisikia akisema.

"Kwa hiyo nikitupe."

"Hapana… kipo kizima, si umesema?"

"Kizima. Sasa niokotee hapo mezani mikono ya vile vilivyofika miaka mitano."

Akaokota mitatu. Sita, tisa, kumi na miwili.

"Hicho chenye sita, siku kilipotimiza mitano, kilikuwa kimebakiza mingapi?"

"Mmoja."

"Cha tisa?"

"Minne. Na huyu wa kumi na miwili alibakiza saba." Akabonyeza bila kuambiwa. "Kumi na miwili, gawa kwa tatu. Minne." Akaitazama ile mikono mitatu kiganjani. "Wastani ni mitatu, kimeshaishi mitano, na bado kimebakiza minne."

"Ni uchawi?"

"Si uchawi. Hii mingine saba…" akaigusa ile mikono iliyobaki mezani, "hii haikufika. Haimo tena kwenye swali."

"Basi jana kwa nini uliiingiza kwangu?"

Muuguzi mkuu alikuwa amesimama nyuma yake muda wote ule, vidole vimeshika kikombe cha chai ambacho, nadhani, alikuwa amekishika kwa uangalifu kuliko kawaida.

"Mama yangu alizaa tisa," nikawaambia wote wawili. "Watatu hawakufika kutembea. Mmoja alifika kutembea akatembea mwaka mmoja tu. Hao wamo ndani ya sitini na sita yako, kila mmoja anaivuta chini kwa mkono wake mdogo. Ninawakumbuka na ninawaombea, lakini hawana jicho lililoota kitu. Aliyezaliwa leo lazima apite njia yote ile, homa na kuhara na pikipiki. Mimi nimeshapita. Usinirudishe nikapite tena kwa kikokotoo."

Katika wale tisa tuliobaki hai ni wawili, mimi niliyezaliwa wa pili na mdogo wangu aliyezaliwa wa tano. Anakaa mtaa wa pili na macho yake nayo yanaomba msaada. Nilikuwa nimemwambia afike saa nne, nikishasafisha njia.

"Hiyo sitini na sita uliipata wapi?" muuguzi mkuu akamwuliza karani.

"Iko hapa, chini ya kioo. Niliikuta."

Chini ya kioo, kama nilivyosimuliwa baadaye, kulikuwa na kalenda ya duka la rangi, na kwenye ukingo wa juu wa kalenda ilichungulia karatasi, mistari miwili tu ikionekana. Muuguzi mkuu alisogeza mikono yangu kwa heshima, akainua kioo, akaitoa kalenda. Karatasi ilikuwa ndefu hadi ukingo wa meza. Jedwali zima. Kalenda ilikuwa imelala juu yake tangu Januari.

Akaisoma kichwa kwa sauti, kwa faida yangu. Safu ya kwanza, umri. Safu ya pili, katika watoto mia waliozaliwa, ni wangapi wamefika umri huo. Safu ya tatu, miaka inayotarajiwa kubaki kwa aliyekwisha kufika.

"Kwa aliyekwisha kufika," akarudia, akimtazama kijana.

"Mimi niliona mstari wa kwanza tu," karani akasema.

"Mstari wa kwanza ni umri sifuri. Hiyo ni ya wodi ya wazazi."

Kijana aliinama juu ya karatasi, na hapa lazima nimpe haki yake, maana hakununa. Kidole chake kiliteremka polepole. Mwenye sitini na miwili, yule fundi saa aliyefukuzwa, alibakiwa na miaka kumi na sita. Mwenye sabini, kumi na miwili. "Kadiri mtu anavyozidi kwenda, inayobaki inapungua," alisema, "lakini mwisho wake nao unasogea mbele. Haifiki hasi hata chini kabisa."

"Sikusema havivunjiki," nikamwambia. "Vyote vilivunjika. Mikono si hii hapa?"

"Ila, Bibi," akainua kichwa, na nikaona ana kitu cha kunirudishia, "kufika tisini bado ni bahati. Hapa wanasema katika mia ni tisa tu. Tisa kwa mia."

"Katika mia gani?"

"Waliozaliwa." Akarudi kwenye safu ya pili, akatafuta sabini na tisa. "Waliofika sabini na tisa ni thelathini na sita. Wale wengine hawamo tena kwenye swali." Akacheka peke yake, kidogo, kwa pua. "Ni tisa katika thelathini na sita. Ni mmoja katika wanne, Bibi. Una robo nzima."

"Robo si haba. Nimeolewa kwa chini ya hapo."

Muuguzi mkuu alikohoa chai. Karani akakata hasi kumi na tatu kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika saba na nusu, akanipa kadi ya njano. Niliisogeza hadi puani. Niliona njano, namba sikuiona, lakini njano ilinitosha. Wakamtuma mfagiaji akamwite fundi saa na wenzake wote wa jana kwa orodha, na ukumbini pakaanza kurudi mvi moja moja, zikiwa na maswali.

Ningeondoka hapo, hadithi ingekuwa nzuri na mimi ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nilikuwa nimekalia kiti cha karani cha wageni, naokota mikono yangu mmoja mmoja na kuirudisha mfukoni, nikijibu salamu za marehemu wenzangu. Saa nne ikanikuta hapohapo.

Mdogo wangu aliingia na mkoba wake wa kwenda kanisani, akipapasa ukingo wa benchi. Akasikia sauti yangu akanyoosha njia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa hapa, mwanangu huyu atakuandika. Sasa hivi ni mtaalamu."

"Umri, Bibi?" karani akamwuliza.

"Themanini na mmoja."

Nilikohoa. Mdogo wangu akanipigapiga mgongoni, na kwa kuwa alidhani kikohozi kimefunika sauti yake, akarudia kwa sauti kubwa zaidi: "Themanini na mmoja, mjukuu wangu."

Kidole cha karani kilikuwa tayari kinateremka kwenye jedwali. "Sita na nusu. Unapita," akasema, akachukua kadi ya njano. Halafu mkono ukasimama hewani. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Tatizo la kumfundisha mtu hesabu ni kwamba hajui kuiacha.

"Bibi, huyu ni dada yako?" akamwuliza mdogo wangu.

"Dada yangu kabisa. Tumbo moja."

"Mkubwa kwako?"

"Ndiye aliyenibeba mgongoni. Mpaka leo nasikia harufu ya sabuni aliyokuwa akinikoshea."

"Anajiongezea huyu," nikasema. "Tangu utotoni anapenda kuheshimiwa. Ukimpa nafasi atakwambia ana mia."

"Mimi najiongezea?" Mdogo wangu aligeuza shingo kutafuta niliko. "Nina themanini na mmoja, na wewe una themanini na sita. Tumepishana miaka mitano tangu nizaliwe, na sijasikia imepungua."

Karani alichukua daftari, akarudi kwenye jina langu, na kidole chake cha mkono mwingine kikateremka tena kwenye ile karatasi ndefu. Themanini na mbili. Themanini na tatu. Kwa kuwa sikuona kidole nilisikiliza ukucha wake ukikwaruza karatasi. Mfuko wangu ulikuwa mapajani, kadi ya njano juu yake, na niligundua nimeifunika kwa viganja vyote viwili. Daktari alikuwa anafika Jumatatu.

Ukucha ukasimama.

"Themanini na sita," akasema. "Mitano."

"Mitano na ngapi?" muuguzi mkuu akauliza.

"Mitano kamili."

Wote wawili walilitazama lile tangazo ukutani. Karani akalisoma tena, polepole, neno kwa neno, mitano au zaidi, kama mtu anayekagua noti.

"Anapita," akasema mwishowe. "Bado anapita."

"Mwachie kadi yake. Rekebisha umri." Muuguzi mkuu akaweka kikombe chini, akaja akasimama mbele yangu, karibu kiasi kwamba nilimwona. "Sasa, Bibi. Umekuja hapa na mfuko wa vigae, umetufundisha wote wawili, na hesabu yako mwenyewe ilikuwa inakutosha na umri wako wa kweli. Uongo ulikuwa wa nini?"

Nilipunguza sauti. Ninayo sauti moja ya kizee ambayo huitumia mara chache, ili isichakae.

"Si uongo, mwanangu. Ni usahaulifu. Mtu akifika umri wangu miaka huingiliana, leo unaona sabini na kitu, kesho unaona themanini na kitu. Kichwa nacho kinaota ukungu."

Nilimwona akilainika. Mkono wake ulishaanza kuja begani kwangu. Pembeni yangu mdogo wangu alikuwa anashikwa kidole gumba kichovywe wino apige alama kwenye fomu, na alisema bila hata kugeuka:

"Hajasahau kitu huyo. Jana alinifundisha niseme nina sabini na nne, tukarudia mara tatu. Mimi ndiye niliyesahau."